Hasira Iliyopelekwa Maabara

Jumatatu, 22 Januari

Siku ya themanini na tatu ya eda. Saa moja asubuhi. Vidonge nimeshameza: kile cheupe cha presha yangu, na kile cha waridi cha Dada. Gilasi mbili za kombe. Jagi bado limejaa. Dada Mwanaisha atakuja saa nne kulikagua.

Nimefundisha hisabati miaka thelathini na mmoja hapa Mambrui. Leo nakaguliwa maji.

Sina ugomvi na kombe. Ni maneno ya Mungu yaliyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, yakaoshwa kwa maji. Mamangu alitunywesha tulipokuwa wadogo. Ugomvi wangu ni jagi. Lita mbili asubuhi, lita mbili jioni, kila siku tangu mwanzo wa mwezi, ati moyo wa mjane utulie. Umetulia wapi? Kazi yangu ni kwenda chooni na kurudi.

Chumvi nayo marufuku. Tangu presha ilipopanda baada ya arobaini ya mume wangu Athman, Dada ameipiga vita. Ameondoa hata kopo jikoni. Mbaazi za nazi bila chumvi! Jana nilizitema kwenye kanga. Kadzo, anayenipikia na kufua, alinitazama.

Kile kidonge cha waridi Dada alipewa Malindi, kliniki nyingine. "Nduyangu, mimi kilinishusha presha wiki moja tu." Akanihesabia thelathini kwenye karatasi. Hivyo ndivyo tulivyo sisi. Mtu akipona, atagawa dawa yake kama tende za futari.

Sasa jioni. Nzi wengi. Joto. Wanawake wawili wamekuja kunipa pole wakakaa mpaka adhuhuri wakizungumza harusi ya watu. Niliwachukia. Sijui neno jingine la kuandika.

Jumatano, 24 Januari

Kichwa chauma siku ya tatu. Kichefuchefu. Dada: ni msiba.

Nimesahau jina la kile kitu cha kukorogea chai. Nimesimama jikoni namwonyesha Kadzo kwa kidole kama bubu. Kijiko. Kijiko! Nimekuja kukiandika hapa ili nisikisahau tena.

Nimemwambia Dada. Ni msiba, asema. Nikivunja mguu utakuwa msiba. Nikiota pembe, msiba.

Jumamosi, 27 Januari

Salma amefika kutoka Mombasa. Mwanangu wa pekee. Nilifurahi nusu saa.

Alipokwenda ukumbini na Dada walidhani nimelala. Sikulala. Silali mchana, nalala macho wazi tu. Nimewasikia.

Salma: "Mama Mkubwa, mama hayuko sawa. Amenifokea kwa sababu ya viatu."

Dada: "Msiba umemvuruga akili, mwanangu. Mpe muda."

Salma: "Eda ikiisha nitamchukua Mombasa. Hawezi kukaa peke yake. Hii nyumba tumpe mtu akae."

Tumpe mtu akae! Athman alijenga vyumba viwili vya mbele. Vitatu vya nyuma nilijenga mimi, nikisimama juu ya vichwa vya mafundi likizo tatu mfululizo. Nimezaa humu. Nimemkamulia Athman ndimu kwenye uji humu mpaka asubuhi aliyokata roho. Na wao wawili wamesimama ukumbini wanaigawa kama kitoweo.

Nilitoka. Nikasema yote. Kwamba wanitoa nyumbani kwangu ningali hai. Kwamba Salma hakuja hata mara moja babake alipokuwa hajiwezi, alikuwa akituma salamu kwa simu. Kwamba Dada anapenda nikiwa mgonjwa kwa sababu ndipo anapokuwa mkubwa. Bakuli la mbaazi lilikuwa mezani. Nililirusha. Likapiga ukuta.

Salma akalia. Dada akamshika mkono akamwambia, "Si umeona?"

Hakuna aliyenijibu hata neno moja katika niliyosema. Walitazama ukuta tu.

Jumatatu, 29 Januari

Salma ameondoka jana. Ameacha masanduku mawili matupu chumbani kwangu. Ya nini, nisiulize.

Misuli ya miguu inakaza mpaka vidole vinapindana. Asubuhi nimeanguka bafuni. Sikuteleza. Miguu tu ilikataa, kama si yangu. Kadzo aliniinua. Nikamwambia asinishike.

Nimemwambia Dada nataka kwenda hospitali. Akasema mjane hatoki ndani ya eda hivi hivi, watu watasema nini, na ameshaongeza kombe. Jagi sasa ni tatu kwa siku. Anifunga kwa mapenzi. Ningependa anifunge kwa chuki, ningejua la kufanya.

Jumatano, 31 Januari

Nimemfukuza Kadzo.

Alinijia na sahani ya wali, akasimama mlangoni, mkono mmoja nyuma. "Mwalimu, usinikasirikie. Nina neno."

Nikamwambia aseme upesi.

"Kule Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, nilikaa miaka sita. Jua lile, watu watoka jasho, wanywa maji matupu ndoo kwa ndoo. Miguu yakaza hivyo kama yako. Kisha wawa wakali, watukana bila sababu. Kuna mzee mmoja aliinama akalisalimia beleshi, shikamoo. Nyapara akamkorogea maji ya chumvi na sukari. Akarudi sawa. Wewe mwalimu wanywa maji mchana kutwa, wakojoa mchana kutwa, na chumvi hujaiona tangu Disemba. Nikutilie kidogo tu. Dada asijue."

Mkono uliokuwa nyuma ulikuwa na chumvi kwenye kipande cha gazeti.

Mimi nina presha. Mimi ni mwalimu. Huyu aliyechota chumvi kwa beleshi ndiye anifundishe mwili wangu? Nikamwambia: wewe ni wa kupika na kufua, hujui kitu, toka. Nikasema na mengine. Alitoka bila kuchukua hata leso yake kwenye kamba.

Wali ulikuwa hauna ladha. Nimekula nikilia kwa hasira. Sijui hasira ya nani.

Ijumaa, 2 Februari

Dada anipikia sasa. Maji ya moto, ndizi, maji.

Wanasema sina akili. Nimejipima mwenyewe. Sita mara saba arobaini na mbili. Saba mara nane hamsini na nne. Nane mara tisa sabini na mbili. Sijakosea hata moja. Nani asema. Nani.

Mikono inatetemeka. Herufi zinapanda mstari, mbona mstari haukai.

Dada amekuja na wanawake wakasoma kisomo. Wamenizunguka. Nimewaambia watoke, nyote tokeni, mwanibana. Wakasoma kwa sauti zaidi. Hasira ilinijaa mpaka masikioni.

Jumapili, 4

Athman yuko barazani. Hataki kuingia. Mbona hamumfungulii. Nimeita. Hawa watu ni viziwi

kalamu nzito

jagi

Alhamisi, 8 Februari

Hospitali, Malindi. Wodi ya wanawake. Kalamu ya muuguzi. Daftari ameniletea Kadzo.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano sina. Zimekatwa. Niliyoandika hapa ni ya kusimuliwa.

Jumatatu asubuhi Kadzo alirudi kuchukua leso yake. Akanikuta sakafuni jikoni, mwili wote unarukaruka, meno yameuma ulimi. Kifafa, mimi, mwenye miaka hamsini na minane, sijawahi. Dada alikuwa pembeni analia na kusoma. Kadzo akasema hospitali. Dada akasema yuko ndani ya eda, tumuulize shekhe kwanza. Shekhe alikuwa Malindi, simu yake haipatikani. Majirani wamejaa mlangoni, kila mtu na kauli yake.

Kadzo akasema: "Basi dhambi nitaichukua mimi." Akanifunika kwa leso ile ile, akanibeba yeye na jirani mmoja hadi kwenye tuktuk. Nilipata kifafa cha pili kwenye daraja la Sabaki. Alinishika kichwa njia nzima.

Daktari ni binti mdogo, sauti ya chini. Amekaa kitandani kwangu leo akanieleza kama mtu mwenye akili zake. Nilikuwa nimesahau namna hiyo ya kuzungumziwa.

Damu yangu ilikuwa na sodiamu mia moja na kumi na mbili. Mtu mzima aanzie mia na thelathini na tano. Sodiamu ni ile ya kwenye chumvi. Mishipa ya fahamu hupelekeana habari kwa chumvi: sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, habari inasogea, mkono unainuka, jina la kijiko linakuja. Damu ikiwa nyepesi kwa maji, maji yanaingia ndani ya seli za ubongo. Zinavimba. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Ubongo unabanwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikafikiria mchuzi ulioongezwa maji kwa ajili ya wageni. Bizari ile ile, sufuria imejaa, ladha hakuna. Nilikuwa mchuzi huo.

Kidonge cheupe na cha waridi? Dawa moja. Majina mawili ya viwanda viwili, dawa moja ya kukojoza, ambayo hutoa maji na huondoka na chumvi. Nimekuwa nikimeza maradufu mwezi mzima. Juu yake lita nne za maji, kisha sita. Juu yake chumvi hakuna kabisa.

Kisha akasema: "Mara nyingi kabla ya kifafa watu wa nyumbani huona mgonjwa amebadilika. Anakuwa mkali. Ulikuwa na hasira?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi ile hasira ilikuwa dalili."

Dalili! Nimelala nikilitafuna neno hilo mchana kutwa. Limenikera kuliko sindano.

Ijumaa, 9 Februari

Leo Dada nusura animalize.

Amesikia "chumvi imepungua." Basi. Ameingia saa ya kutazama wagonjwa na chupa ya chai, ndani yake uji umekorogwa chumvi mpaka ni mzito. Adui wa chumvi wa Disemba! Ameshanimiminia kikombe, amenishika shingo kwa nyuma kama mtoto: kunywa upesi, urudi nyumbani. Nilikuwa nimeshakunywa mafunda mawili. Midomo iliwaka.

Muuguzi alikipokonya kile kikombe. Akaita daktari. Daktari, yule wa sauti ya chini, alipaza sauti. Kwamba wananipima damu kila baada ya saa chache ili ipande pole pole, kiasi kidogo kwa siku. Ubongo umezoea upungufu. Ukiirudisha sodiamu kwa pupa, ubongo unanywea, ganda linalofunika mishipa ya fahamu linababuka. Mtu anabaki macho wazi, anasikia kila kitu, hawezi kumeza, hawezi kusema.

Nilimtazama Dada. Uso wake umekuwa wa kijivu. Alikaa kwenye stuli na chupa mapajani mpaka kengele ilipolia.

Nilitaka kumwonea huruma. Sikuweza. Jana alininyima, leo ananizamisha. Mara zote mbili hakuuliza mtu. Hata mimi hakuniuliza. Damu ilipimwa tena: iko sawa na mpango wao. Mafunda mawili tu. Kikombe kizima, sijui kingenifanya nini.

Alhamisi, 15 Februari

Nyumbani tangu jana. Sodiamu mia na thelathini na moja. Kidonge cheupe kimebadilishwa, cha waridi kimetupwa chooni. Chumvi kiasi. Maji nikiona kiu.

Shekhe amekuja. Ameketi barazani, mimi nyuma ya pazia, Dada katikati. Nimemuuliza mwenyewe.

Kombe uliloagiza lilikuwa kiasi gani?

Akasema aliandika sahani moja na akamwagiza Dada anipe kikombe cha kahawa kila asubuhi, siku saba. Kikombe cha kahawa! Akaonyesha kwa vidole viwili, nimeona kwenye pengo la pazia. Dada alikuwa akiiosha sahani ile ile na kuongeza maji, akiongeza maji, mwezi mzima.

Na hospitali ndani ya eda?

"Bi Zuhura, mgonjwa huenda kwa tabibu. Hilo halina shaka hata chembe. Lakini sikuulizwa. Ningeulizwa siku ya kwanza, ningejibu siku ya kwanza."

Siwezi hata kumkasirikia yeye. Nilikuwa nimejitayarisha tangu hospitali, nina maneno, nimeyapanga. Imebidi niyameze. Dada alikuwa anavuta uzi wa pindo la mtandio wake, anavuta, mpaka ukaacha tundu.

Jumamosi, 17 Februari

Salma amepiga simu. "Mama, yale yote uliyosema siku ile ulikuwa mgonjwa. Sisi tumeshakusamehe."

Tumeshakusamehe.

Nimekata simu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikalisoma daftari hili tangu tarehe ishirini na mbili, kama nasahihisha. Saba mara nane: kosa. Nikaikata kwa mkwaju mwekundu. Hamsini na sita, mwalimu. Nimecheka peke yangu kwa aibu.

Nzi: ugonjwa. Wanawake wa pole: ugonjwa, ingawa kweli walikaa sana. Bakuli la mbaazi: ugonjwa, na lilikuwa bakuli zuri. Athman barazani: hapo kalamu ilisimama, sikuandika kitu.

Kisha ile ya nyumba. Nimeisoma mara tatu. Nikatafuta kosa nikalikosa. Wanitoa nyumbani ningali hai: sahihi, masanduku haya hapa. Salma hakuja babake alipougua: sahihi. Nilisema kwa kelele, nilisema na bakuli, lakini nilisema kweli. Ubongo uliovimba umesema kweli.

Na sasa wamepata njia rahisi. Chote nilichosema ni sodiamu. Hawana haja ya kujibu. Chumvi ilikuwa inasema, si mimi.

Nina hasira mpaka mkono umekaza kwenye kalamu. Nimejikagua: vidole vinakunjuka sawa. Ni hasira tu. Ya kawaida.

Jumanne, 20 Februari

Kadzo amerudi kazini. Nilimwambia akae kitini, nikamwomba radhi. Nilisema nilivyopanga: nilikuwa mgonjwa, sikujua nilisemalo.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Kunifukuza, sawa, hiyo ni ugonjwa. Nimekusamehe siku ile ile. Lakini ile ya kusema mimi ni wa kupika na kufua sijui kitu, hiyo mwalimu ulikuwa nayo zamani. Ugonjwa uliitoa tu."

Akaamka kwenda kumenya nazi.

Nimekaa ukumbini sijui kwa muda gani. Nataka hasira zangu za kweli zihesabiwe kuwa za kweli. Basi na hili lihesabiwe. Miaka minne yuko hapa, sijawahi kumuuliza kule Gongoni alifanya kazi gani. Nilijua tu kwamba ametoka huko.

Jioni nilikwenda jikoni, nikamwambia ana haki. Nikasema hilo si ugonjwa, ni mimi, na sitalisema tena. Akaniuliza kama mchuzi autie chumvi kiasi gani. Nikamwambia yeye ndiye ajuaye.

Jumapili, 25 Februari

Sasa nikikasirika wananiuliza nimepimwa lini.

Jana fundi alikuja kupima madirisha. Salma alimtuma, ati nyumba itengenezewe huyo mtu wa kukaa. Nikamwambia arudi alikotoka. Baada ya nusu saa simu: "Mama, fundi anasema ulimfokea. Umepimwa damu wiki hii?" Leo nimemwambia Dada chai imepoa. Dada, kwa upole: "Twende tukapime?"

Chai imepoa! Ilikuwa baridi! Kila mtu katika mji huu ana ruhusa ya kukasirika, hata mbuzi wa jirani, ila mimi nahitaji cheti.

Haya. Cheti nitakileta.

Alhamisi, 29 Februari

Nimekwenda Malindi kupimwa, na Kadzo. Daktari yule yule. Kabla hajanitoa damu nimemwambia: andika kwamba nina hasira. Leo, saa hii, nina hasira sana. Akaniuliza ya nini. Nikamweleza ya nyumba, ya masanduku, ya fundi. Aliandika. Sijui aliandika nini hasa, lakini aliandika.

Majibu saa nane. Sodiamu mia na thelathini na nane. Potasiamu sawa. Kila kitu sawa.

"Mbona bado nina hasira?" nikamuuliza.

"Mama, hiyo haimo kwenye maabara yangu."

Nilitoka nikicheka bila aibu, kwa mara ya kwanza tangu Athman aondoke. Karatasi nimeikunja ndani ya buibui. Kadzo akasema hata kule chumvini nyapara hakuwa na karatasi nzuri hivyo.

Jumapili, 10 Machi

Eda imekwisha juzi. Nimeoga, nimevaa dera la kijani, nimepaka wanja. Mkono haukutetemeka.

Salma amekuja asubuhi na gari la kukodi, kunichukua. Dada yupo. Nimewapikia mimi: wali, samaki wa kupaka. Tumekula kwanza. Nimengoja Salma anawe mikono.

Nikamwambia siendi Mombasa. Nyumba haikai mtu mwingine. Madirisha hayapimwi. Sikupaza sauti. Nikamwambia pia kwamba babake alimngoja, na hilo bado linaniuma, na nilipolisema mwezi wa kwanza nililisema kwa sababu ni kweli.

Karatasi ya maabara ilikuwa mkobani. Sikuitoa.

Salma akageuka kumtazama Dada, kama walivyozoea kutazamana. Dada alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Akasema, "Usinitazame mimi, mwanangu. Mimi nimeshakosea mara mbili. Muulize yeye."

Kadzo alikuwa anaosha vyombo nyuma, maji yanasikika.

Salma akaanza kulia, polepole, si kile kilio cha Januari. Akasema alikuwa anaogopa kumwona babake vile. Kwamba kila alipokata tikiti ya basi aliirudisha. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Nikampa gilasi ya maji, akanywa.

Alasiri ameyatoa masanduku chumbani mwenyewe, akayapakia garini. Alinibusu mkono mlangoni.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Bado."

"Haya," akasema. "Nitakuja Ijumaa, tuzungumze tena."

Hakunigusa paji la uso. Hakuniuliza kama nimelala vizuri, wala nimekula nini, wala nimepimwa lini. Aliichukua hasira yangu kama ilivyo, akaingia nayo garini.